Dhahabu Iliyopita Njia: Sarafu za Marekani, Unguja na Tabora

Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Unguja, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili cha mjini humo. Katika msamiati wake aliingiza fedha zilizokuwa zikipita mikononi mwa watu sokoni. Kulikuwa na reale ya Sham, sarafu ya Austria yenye sura ya Malkia Maria Theresa. Kulikuwa na reale ya mzinga ya Hispania, iliyochongwa nguzo mbili ambazo machoni pa watu wa pwani zilikuwa mizinga. Kulikuwa na reale fransa. Na kulikuwa na reale ya dhahabu, yaani sarafu ya Marekani ya dola 20.

Hiyo ya mwisho leo hushindaniwa minadani Marekani, na zile adimu zaidi hununuliwa kwa bei ya nyumba. Karne moja na nusu iliyopita ilihesabiwa Unguja katika biashara ileile iliyonunua pembe za ndovu kutoka bara. Namna ilivyofika, na namna ilivyoondoka, inasaidia kueleza kwa nini sarafu moja huwa adimu na nyingine, yenye dhahabu ileile, haina anayeiulizia.

Nguo ya Salem, 1833–1848

Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Wamarekani waliruhusiwa kuuza na kununua katika bandari zake kwa ushuru wa asilimia 5 wa shehena waliyoishusha. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akawa konseli wa kwanza wa Marekani Unguja. Miaka mitatu baadaye merikebu ya Sayyid, Sultana, ikatia nanga New York chini ya Ahmad bin Naaman.

Bidhaa kuu ya Wamarekani ilikuwa nguo nyeupe ya pamba, ngumu na ya kudumu, ambayo mpaka leo inaitwa merikani. Walirudi kwao na sandarusi ya kutengenezea vanishi, karafuu, ngozi, na zaidi ya yote pembe za ndovu, zilizochongwa vitana na vibao vya piano katika miji midogo ya Connecticut. Ila nguo haikutosheleza hesabu kila mara. Pembe zilipopanda bei, au merikani ilipojaa maghalani, nahodha alilazimika kufungua kasha la fedha.

Fedha iliyoaminika ilikuwa ya Maria Theresa. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu yake imepigwa tena na tena kwa mwaka huohuo wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hawakutaka sura nyingine. Mkusanyaji anayeanza hupata hapa funzo lake la kwanza: mwaka ulioandikwa juu ya sarafu si lazima uwe mwaka iliyopigwa. Wapo waliotumaini utajiri kwa reale ya 1780 wakaambiwa ni mojawapo ya sarafu za fedha zilizo nyingi kuliko zote duniani.

Bara, mambo yalikuwa mengine. Katika bonde la Kilombero, ambako Wandamba waliishi kwa mto na mpunga na Wapogoro walishika miinuko ya Mahenge, biashara ya masafa ilienda kwa nguo, shanga na chumvi. Pembe ilitoka bondeni kuelekea pwani, na kilichorudi kilikuwa mikono kadhaa ya merikani. Reale zilibaki pwani, mikononi mwa matajiri wa Kihindi na Kiarabu waliokopesha misafara.

California, 1848–1861

Tarehe 24 Januari 1848 fundi aliyekuwa akijenga kinu cha kupasulia mbao huko California aliona vipande vya dhahabu kwenye mfereji wa maji. Ndani ya miaka michache maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wamehamia huko, na dhahabu ikamiminika kwa wingi ambao sarafu ndogo za zamani zisingeweza kuubeba. Mpaka wakati huo sarafu kubwa ya dhahabu ya Marekani ilikuwa ya dola 10, ikifuatiwa na ya dola 5 na ya dola 2 na nusu. Sheria ya Machi 1849 iliongeza mbili: ndogo ya dola 1, na kubwa ya dola 20.

Hiyo kubwa ilianza kupigwa kwa matumizi mwaka 1850, kwa mchoro wa James Longacre: upande mmoja kichwa cha mwanamke mwenye taji lililoandikwa uhuru, upande wa pili tai na ngao. Ina uzito wa gramu 33.436, na dhahabu ni sehemu 900 kwa 1,000, kilichobaki ni shaba ya kuikaza. Dhahabu tupu ndani yake ni takriban gramu 30. Ilikuwa sarafu ya mabenki na manahodha. Kibarua wa Boston angeweza kuishi na kufa bila kuishika.

Wingi wa dhahabu ulikuwa na athari ambayo wengi hawakuitarajia. Fedha iliadimika ikilinganishwa nayo na ikapanda thamani, hata mwaka 1853 Marekani ikapunguza fedha iliyomo katika sarafu zake ndogo. Kwa mfanyabiashara wa Salem hesabu ilibadilika: badala ya kuhangaika kununua reale za Maria Theresa Ulaya, ilikuwa nafuu kupakia dhahabu ya nyumbani. Ndivyo reale ya dhahabu ilivyopata nafasi Unguja, na ndivyo ilivyoingia katika msamiati wa Steere.

Mwaka 1854 kiwanda cha sarafu kilifunguliwa San Francisco, karibu na migodi. Sarafu zake zina herufi S upande wa tai. Herufi hizi ndogo ndizo zinazowanyima wakusanyaji usingizi. Philadelphia haikuweka herufi katika dhahabu yake ya wakati huo. O ni New Orleans, C ni Charlotte, D ni Dahlonega huko Georgia, na CC ni Carson City, kiwanda cha jangwani kilichoanza mwaka 1870. Mwaka huo wa kwanza Carson City ilipiga sarafu za dola 20 zipatazo 3,789 tu, na mchimba madini aliyelipwa kwa sarafu hiyo hakuwa na sababu ya kuiweka kando. Ilizunguka, ikachakaa, ikayeyushwa. Zilizobaki ni chache, na karibu zote zina alama za kazi ngumu.

Kinyume chake ni sarafu za San Francisco za mwaka 1857. Septemba mwaka huo meli ya Central America, ikitoka Panama kuelekea New York na dhahabu ya California, ilizamishwa na kimbunga nje ya pwani ya Carolina. Zaidi ya watu 400 walikufa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1988, na kutoka humo zikatolewa sarafu zaidi ya 5,000 za dola 20 za mwaka huo na kiwanda hicho, nyingi ziking'aa kana kwamba zimetoka kupigwa jana. Maafa yale yaliziokoa na mikono ya watu na moto wa masonara. Tangu hapo sarafu ya 1857 ya San Francisco si adimu tena, lakini bei yake haikuporomoka kama ilivyohofiwa, maana wengi hununua hadithi pamoja na chuma chake.

Kutoka Unguja hadi Bombay, 1861–1888

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba ya kusini isifike viwanda vya kaskazini. Merikani iliadimika Unguja, na nguo za Uingereza na India zikajaza pengo. Mfanyabiashara wa Salem aliyekosa nguo hakuwa na budi kulipa pembe kwa sarafu. Baada ya vita Wamarekani walirudi, lakini Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869 uliinufaisha Ulaya na India kuliko wao, na wakati wa Salem ukawa umekwisha.

Reale za dhahabu zilikwenda wapi? Unguja haikuwa mwisho wa safari yake. Forodha ilikodishwa kwa miaka mingi kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kachchh, na mikopo na hawala za mji ziliegemea Bombay. Dhahabu iliyofika kwa nahodha ilipimwa, ikabadilishwa, ikapandishwa chombo kingine na pepo za kusi. India haikuwa na haja na tai wa Marekani, ilikuwa na haja na dhahabu, na dhahabu ya India huishia kuwa bangili. Nyingine ilibaki pwani na kufuliwa vipuli na vikuku. Ndiyo sababu mtu akitafuta leo reale ya dhahabu yenye ushahidi kwamba ilipita Unguja, atatafuta sana: sarafu yenyewe haina alama yoyote ya safari hiyo.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alitaka fedha yenye jina lake. Sarafu zake za kwanza zina mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1881 hadi 1882. Zilikuwamo pesa za shaba zenye picha ya mizani, ambazo zilienea na bado zinapatikana kwa wauza vitu vya kale Mji Mkongwe; zilikuwamo reale za fedha; na zilikuwamo za dhahabu, reale 5 na reale 2 na nusu. Thamani hizo mbili si za kawaida ya Wahindi wala ya Waingereza. Zinalingana na sarafu ndogo za dhahabu za Marekani, dola 5 na dola 2 na nusu, na ni vigumu kuamini kwamba zilichaguliwa kwa bahati katika mji uliokwisha zoea dhahabu ya Wamarekani.

Dhahabu ya Barghash haikuenea. Rupia ya India ilikuwa imekwisha kushika soko, na sarafu ya dhahabu ya mtawala mmoja haikuwa na kazi ambayo rupia na paundi ya Uingereza hazikuifanya. Zilizotolewa zilikuwa chache na zilizobaki ni chache zaidi. Kwa mkusanyaji wa Afrika Mashariki hii ndiyo sarafu ya ndoto, na inapojitokeza mnadani wanaoipigania ni watu wa Ghuba na Ulaya kuliko wa Unguja.

Rupia yaingia bondeni, 1890–1914

Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890. Rupia yake ililingana na ya India kwa uzito na kwa fedha iliyomo, maana hakuna ambaye angeipokea vinginevyo, ila badala ya malkia wa Uingereza iliwekwa sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia ya chuma. Mwaka 1904 serikali ilichukua kazi hiyo, ikafuta pesa 64 kwa rupia na kuweka heller 100, na ikatangaza kwamba rupia 15 ni sawa na mark 20 za dhahabu.

Katika nchi ya Ulanga na Kilombero sarafu haikuja kama chombo cha biashara, ilikuja kama deni. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Mtu wa bondeni aliyezoea kubadilishana mpunga kwa samaki alilazimika kuitafuta rupia: kwa kubeba mizigo, kwa kuuza mpira wa pori na pembe, au kwa kufanya kazi ya Mzungu. Uchungu wa kodi na kazi ya shuruti ulikuwa miongoni mwa sababu za Maji Maji. Tarehe 30 Agosti 1905 boma la Mahenge lilishambuliwa na maelfu ya watu, na bunduki za rashasha ziliwafyeka wengi. Njaa iliyofuata iliua wengine.

Namawala, kijiji kilicho kwenye njia ya kutoka Ifakara kuelekea Mlimba, kimo katika nchi hiyo ya mpunga. Huko kama kwingine bondeni, kilichookotwa na majembe kwa miongo iliyofuata ni heller za shaba na rupia za fedha. Zilipigwa kwa mamilioni Berlin na Hamburg, na thamani yake kwa mkusanyaji, isipokuwa miaka michache na hali safi sana, ni ndogo. Baadhi zilikuwa adha tangu mwanzo. Heller 5 za mwaka 1908 na 1909 zilikuwa na uzito wa gramu 20 kila moja, nzito kiasi kwamba watu walizikataa, na zikafuatiwa na nyingine nyepesi yenye tundu katikati. Leo hiyo nzito ndiyo inayotafutwa.

Wakati huohuo dhahabu iligunduliwa Sekenke, Iramba. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia mgodi huo ulikuwa ukitoa dhahabu na kuipeleka Ujerumani. Hakuna aliyefikiri kwamba ingegeuzwa sarafu nchini humuhumu.

Tabora, 1916

Vita vilipoanza Agosti 1914, manowari za Uingereza zilifunga pwani. Sarafu mpya hazikuweza kufika kutoka Ujerumani, na zilizokuwapo zilifichwa majumbani, kama inavyotokea vita vinapoingia nchini. Serikali ilichapisha noti za muda Dar es Salaam, lakini mkulima aliyeuza mpunga na mpagazi aliyebeba risasi walitaka chuma. Karatasi huliwa na mchwa, na serikali iliyoitia saini inaweza kuondoka kesho. Walikuwa na akili kuliko walivyodhaniwa.

Basi Wajerumani waliokwisha kuhamishia makao ya serikali Tabora wakaanzisha kiwanda cha sarafu katika karakana ya reli. Reli ya kati ilikuwa imefika mjini hapo mwaka 1912, na karakana ilikuwa na mafundi, tanuri na mashinikizo. Kwanza zilipigwa heller 20 na heller 5, za shaba ya njano na nyekundu, sehemu ya malighafi yake, kwa masimulizi yaliyoenea, ikiwa maganda ya mizinga ya manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Zote zina herufi T, ya Tabora.

Kisha ikaja dhahabu ya Sekenke. Sarafu ya rupia 15 ya mwaka 1916 ina tai wa Ujerumani upande mmoja, na upande wa pili ndovu aliyeinua mkonga, akipiga kelele mbele ya mlima. Mchoro wake una uhai ambao sarafu za Berlin hazina. Inasimuliwa kwamba mihuri ilichongwa na sonara kutoka Ceylon, na anayeitazama kwa makini huona mkono wa mtu aliyezoea kufua vito, si mashine.

Sarafu hii ina ujanja ndani yake. Kwa sheria rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20, na mark 20 za Ujerumani zilikuwa na gramu 7.168 za dhahabu tupu. Sarafu ya Tabora nayo ina uzito wa gramu 7.168, ila huo ni uzito wake wote pamoja na mchanganyiko: dhahabu ni sehemu 750 kwa 1,000, yaani gramu 5.376 tu. Aliyelipwa ndovu alipata robo tatu ya alichoahidiwa. Katika vita, hata hivyo, robo tatu ya dhahabu ilizidi noti nzima.

Jumla zilipigwa 16,198. Zipo za aina mbili, na zinatofautishwa kwa pambo lililo chini ya jina la koloni: katika aina moja ncha yake ya kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, katika nyingine chini ya A ya kwanza. Za kwanza ni 9,803 na za pili ni 6,395. Mhuri wa kwanza ulipochoka ukachongwa mwingine, na fundi hakujali kuunakili hadi kwenye unywele. Uzembe huo mdogo umewapa wakusanyaji wa dunia nzima kazi ya miaka mia moja.

Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur liliingia Tabora. Wajerumani waliokuwa pale, chini ya Kurt Wahle, waliondoka kwa miguu kuelekea kusini-mashariki, wakapigana njiani upande wa Iringa, na mwishowe wakaungana na wenzao Mahenge. Sarafu zilizokwisha lipwa zilisafiri na waliolipwa. Bonde la Kilombero likawa ghala la chakula la jeshi lililokimbia, na mpunga wake ulichukuliwa kwa noti mbaya kuliko zote: zile za mwaka 1917 zilizopigwa porini kwa mihuri ya mpira. Tarehe 9 Oktoba 1917 Wabelgiji walichukua Mahenge. Novemba ya mwaka huo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka Ruvuma, na noti zikabaki mikononi mwa wakulima.

Waingereza walileta fedha yao. Mwaka 1919 iliundwa Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, ikafuata florin kwa muda mfupi, kisha shilingi. Rupia ya Mjerumani ikawa kidani.

Marekani yakusanya dhahabu, 1933

Kule ilikozaliwa reale ya dhahabu, mkasa mkubwa kuliko wote ulikuja tarehe 5 Aprili 1933. Rais Franklin Roosevelt, akipambana na mdororo wa uchumi, aliamuru raia warudishe dhahabu yao kwa bei ya dola 20.67 kwa wakia. Januari 1934 bei ikapandishwa hadi dola 35. Sarafu zilizorudishwa ziliyeyushwa kwa mamilioni na kuwa vinoo. Amri ilisamehe sarafu adimu zenye thamani maalumu kwa wakusanyaji, na mwanya huo ndio uliookoa makusanyo mengi ya leo.

Nyingine ziliokoka kwa sababu zilikuwa zimekwisha kutoka nchini, zikilala katika mabenki ya Ulaya na Amerika ya Kusini. Hapa ndipo Unguja inapotofautiana na Paris au Zurich. Benki ya Zurich iliweka dhahabu katika mifuko na kufunga mlango; soko la Bombay liliitia tanurini. Mapema zaidi, Marekani yenyewe ilipoteza dhahabu yake kwa njia hiyohiyo. Sarafu za dola 5 za mwaka 1822 zilipigwa 17,796, lakini dhahabu iliyomo ilizidi thamani iliyoandikwa, zikasafirishwa Ulaya na kuyeyushwa mpaka sheria ya 1834 ilipopunguza uzito. Zinajulikana 3 tu. Mbili zimo katika makumbusho ya taifa, Washington, na ya tatu iliuzwa Machi 2021 kwa dola milioni 8.4.

Raia wa Marekani walirudishiwa ruhusa ya kumiliki dhahabu kwa uhuru siku ya mwisho ya mwaka 1974. Mwaka uleule Tanzania ilitoa sarafu yake ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma, katika mfululizo wa kimataifa wa kuhifadhi wanyamapori. Ina gramu 33.437 na usafi wa 900, kipimo kilekile cha dola 20.

Jicho, mizani na mhuri

Bei ya sarafu ya dhahabu ina tabaka mbili. Ya chini ni dhahabu yenyewe, na kila sonara wa Ifakara anaweza kuipima. Ya juu ni ile inayolipwa na mkusanyaji, na huko hesabu hutegemea mwaka, kiwanda, aina na hali.

Hali hupimwa kwa alama kutoka 1 hadi 70, kipimo alichokipendekeza William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba. Sarafu isiyotumika kabisa huanzia 60. Kampuni mbili za Marekani, PCGS ya mwaka 1986 na NGC ya mwaka 1987, hukagua sarafu, huipa alama na kuifunga katika kisanduku cha plastiki. Kati ya alama 58 na 63 jicho la kawaida halioni kitu, lakini bei inaweza kuongezeka mara mbili. Wauzaji huishi ndani ya nafasi hiyo.

Kabla ya alama huja uhalisi. Dhahabu ya usafi wa 900 iliyochanganywa na shaba ina uzito takriban mara 17.2 ya maji. Sarafu ya dola 20 ikizamishwa huondoa chini kidogo ya sentimita 2 za ujazo. Risasi iliyopakwa dhahabu hushindwa hapo papo hapo. Kipimo hiki hakitoshi, hata hivyo, kwa sarafu bandia za Beirut za miaka ya 1960 na 1970, zilizotengenezwa kwa dhahabu halisi ya uzito halisi, kwa kuwa faida ilikuwa katika mwaka na herufi. Hizo hugunduliwa kwa kuangalia meno ya ukingo, vidoti visivyo na sababu, na maandishi yaliyovimba.

Katika Afrika Mashariki kasoro kubwa huwa ya upendo. Sarafu ya ndovu ilitobolewa au kuunganishwa kitanzi ikawa kidani cha bibi arusi, na paundi za Waingereza zilipata bahati hiyohiyo pwani. Alama ya risasi ya kulehemu haifutiki, na wakaguzi huiona hata ikisuguliwa. Kusugua kwenyewe ni kosa la pili: majivu, ndimu na dawa ya meno huacha mikwaruzo midogo ambayo humgharimu mwenye sarafu zaidi ya miaka mia ya vumbi. Sarafu ya Tabora iliyo safi huuzwa kwa dola elfu kadhaa. Yenye kitanzi huzungumzwa kwa bei ya dhahabu na zaidi kidogo. Na ajabu ni kwamba ile aina iliyopigwa mara 6,395 haimshindi mwenzake kila siku, maana mnunuzi akikuta ndovu mzuri wa aina ya kawaida na ndovu mchakavu wa aina adimu, mara nyingi humchukua mzuri.

Mizigo mitano

Kuanzia Mahenge hadi Songea kuna watu wanaosaka mali iliyofukiwa na Wajerumani. Mapango yanachimbwa, ramani zinauzwa, na matapeli hula kwa ramani hizo. Hesabu ya Tabora inafaa kuwekwa mezani. Sarafu zote 16,198, zikikusanywa pamoja, zina uzito wa kilo 116, na dhahabu tupu ndani yake ni kilo 87. Mpagazi wa msafara alibeba kilo 25 hadi 30. Dhahabu yote iliyowahi kupigwa Tabora ingebebwa na wapagazi watano, na ilikuwa imetawanywa tangu siku ya kwanza kama mishahara na malipo. Jeshi lililotoka Tabora kwa miguu halikuwa na shehena ya kufukia. Lilikuwa na mifuko ya watu binafsi. Ndovu wengi walivuka bahari wakiwa kumbukumbu za vita mikononi mwa Wajerumani, Waingereza, Wabelgiji na watu wa Afrika Kusini, na wanaouzwa leo hutokea zaidi katika minada ya Ulaya na Marekani, wakiwa ndani ya plastiki na alama zao.